Nzige Wekundu wa Bonde la Rukwa: Habari za Vita na Habari za Pumzi

Nchi ya Ufipa ina maji pande mbili. Upande wa machweo liko Ziwa Tanganyika, na upande wa mawio, chini ya ukingo mrefu wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa, liko Ziwa Rukwa. Msafiri atokaye Sumbawanga kwenda Muze huanza safari yake katika uwanda wa juu wenye baridi, penye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, naye huimaliza katika bonde la joto lenye kimo cha mita 800 tu. Juu hulimwa ulezi, mahindi na maharage. Chini huenea mbuga ya majani marefu ambayo mwaka mmoja ni bwawa na mwaka wa pili ni vumbi. Bonde hilo ni mojawapo ya mahali pachache barani Afrika panapozaliwa makundi ya nzige wekundu, mdudu ambaye wataalamu humwita Nomadacris septemfasciata, na ambaye mara tatu katika karne mbili zilizopita aliifanya nusu ya bara hili ihesabu magunia yaliyosalia ghalani.

Habari za vita na mdudu huyu zimeandikwa aghalabu kama habari za mikataba, ofisi na ndege. Hapana kosa katika jambo hilo, kwa maana mikataba ilikuwapo na ndege ziliruka. Lakini mwili wa mdudu mwenyewe huachwa nje ya historia, kana kwamba ni jambo la maabara lisilomhusu mwanahistoria. Ukweli ni kwamba kila silaha iliyopelekwa Rukwa ililazimika kutafuta mlango katika mwili wa nzige, ama kinywa, ama ngozi, ama damu. Na nyingi kati ya zile zilizoua ziliua kwa kuvuruga pumzi yake au uchukuzi wa vitu ndani yake. Ni vigumu kueleza kwa nini silaha moja iliachwa na nyingine ikashikwa pasipo kujua kwanza jinsi nzige anavyopumua.

Lugha ya Kiswahili haikuwa na upungufu wa majina kwa mdudu huyu. Kamusi za zamani zina nzige kwa yule mwenye mabawa, na tunutu au funutu kwa mchanga asiyeweza bado kuruka, na kando yao kimatu na maige, ambayo matumizi yake hubadilikabadilika toka pwani hata bara. Wingi huu si pambo la lugha. Mkulima aonaye tunutu anayo majuma kadhaa ya kuchimba mahandaki na kuwafukia. Mkulima aonaye nzige huenda hana hata siku moja. Majina yenyewe ni kalenda ya hatari.

Kwa upande wa pumzi mambo ni mengine. Hapo lugha imejengwa juu ya mwili wa mtu na wa mnyama wa zizini. Kupumua, pumzi na pumu ni maneno ya ukoo mmoja. Pumu katika Kiswahili cha zamani lilikuwa pafu lenyewe, kabla jina hilo halijabaki kwa ugonjwa. Na kupumzika ni kurudiwa na pumzi baada ya kazi. Asemaye "kuvuta pumzi" huona pua, koo na kifua. Nzige hapumui kwa pua wala kwa kinywa, wala hana mapafu. Neno mshipa nalo hubeba mizigo mingi kupita kiasi: ni njia ya damu, ni njia ya fahamu, ni kano, na hata maradhi ya tumbo la chini. Mfasiri wa habari za sumu asipotenga mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, atawaambia wasomaji wake kwamba dawa mbili zilizo mbalimbali kabisa zafanya kazi moja. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ya namna hiyo ya kutenga na kupanga ilipata msingi; mdudu alikuwa amekwisha kupigwa vita nusu karne kwa maneno ya kuazima.

Mapigo makuu ya nzige wekundu yanayohesabiwa ni matatu: la mwaka 1847 hadi 1857, la 1892 hadi 1910, na la 1930 hadi 1944. La pili liliikuta nchi ambayo imekwisha kuumizwa na sotoka iliyomaliza ng'ombe, na ambayo ilikuwa ikitiwa chini ya utawala wa Wadachi. La tatu ndilo linalojulikana vizuri zaidi, kwa kuwa safari hii palikuwa na watu wa kuandika kila kundi lilipopita. Makundi ya kwanza yalianza kujengeka katika miaka ya mwisho ya 1920, katika mbuga za Rukwa na za Mweru wa Ntipa, iliyo katika nchi ambayo siku hizi ni Zambia. Kutoka hapo yalienea karibu katika nchi zote za kusini ya ikweta, na mengine yakavuka ikweta kwenda kaskazini. Serikali ya Tanganyika, kama serikali nyingine za jirani, iliwahimiza watu walime muhogo uwe akiba ya njaa, kwa sababu nzige wekundu hupenda jamii ya nyasi, yaani mahindi, mtama, ulezi, mpunga na miwa, kuliko mimea ya namna nyingine. Kwa Mfipa, ambaye ulezi ulikuwa chakula chake na pombe yake, shauri hilo lilikuwa jema kwa tumbo na chungu kwa desturi.

Hapo kwanza hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza makundi hayo yalikuwa wapi katika miaka ya raha. Fumbo hilo lilianza kufunguka mwaka 1921, Boris Uvarov alipotangaza kwamba nzige wa makundi na panzi mpweke aliyedhaniwa kuwa wa kabila jingine ni mdudu mmoja mwenye hali mbili. Akiwa peke yake hukaa kwa utulivu majanini. Wakisongamana hugeuka rangi, umbo na tabia, na kuanza kwenda pamoja. Basi katika miaka ya 1930 wachunguzi, miongoni mwao Michelmore, walitafuta mahali ambapo msongamano huo huanzia, wakafikia Mweru wa Ntipa na Rukwa. Kazi ya kuwapiga hapo hapo mazalioni ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1940, na tarehe 22 Februari 1949 mkataba ulitiwa sahihi mjini London kuunda shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, ambao leo ni Mbala, mji ulio karibu na mpaka wa Ufipa kwa upande wa kusini.

Tangu 1944 hapajatokea pigo lingine la nzige wekundu la kuenea bara zima. Waandishi wengi wamelipa shirika sifa yote ya jambo hilo, na sehemu ya sifa hiyo ni haki yake. Lakini mizani isielemee upande mmoja. Pigo la tatu lilikwisha miaka mitano kabla mkataba haujatiwa sahihi, na bonde lenyewe halikukaa vile vile. Rukwa ni ziwa lisilo na mto utokao. Maji huingia kutoka milimani, huenea, hukauswa na jua, na kuacha chumvi nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1940 lilipungua mno, hata sehemu kubwa ya sakafu yake ikawa wazi. Kisha mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilizoinua maziwa yote ya Afrika ya Mashariki, zikalijaza tena na kuzamisha mbuga nyingi ambazo nzige walizoea kutaga. Hapo maji yalifanya kazi ambayo hakuna ofisi iliyoiagiza.

Sababu ya maji kuwa na nguvu kiasi hicho iko katika pumzi. Udongo uliojaa maji ni udongo uliokatwa hewa, kwa maana oksijeni hutawanyika ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyotawanyika hewani. Mzizi, kama kiungo kingine chochote kilicho hai, huunguza sukari ili upate nguvu ya kazi, na kwa kuunguza huko huhitaji oksijeni. Ukiikosa kwa muda mrefu huoza. Mhindi ulioachwa katika maji yaliyotuama hunyauka ijapokuwa umesimama ndani ya maji, na mkulima wa bondeni hulijua hilo pasipo kufundishwa. Nyasi za Rukwa zimepata njia nyingine. Katika majani ya Vossia cuspidata na Echinochloa pyramidalis, ambayo hufunika sehemu kubwa za mbuga, shina na mzizi vina nafasi tupu ndani, mfano wa mwanzi, na hewa hushuka kwa nafasi hizo kutoka juu ya maji hata nchani mwa mzizi ulio ndani ya tope. Kwa hiyo ndani ya jani moja mna njia tatu za uchukuzi: maji na chumvi za udongo hupanda katika zailemu, sukari hushuka na kupanda katika floemu, na hewa ina bomba lake peke yake.

Mtu aliyeyasoma majani haya kwa makini kuliko wote alikuwa Desmond Vesey-FitzGerald, mtaalamu wa shirika la Abercorn. Mwaka 1955 alitoa maelezo ya mimea ya mazalio ya nzige wekundu katika Tanganyika na Rodesia ya Kaskazini, na mwaka 1960 akaeleza jinsi wanyama wa Rukwa wanavyofuatana malishoni: tembo na nyati huingia kwanza katika majani marefu, huyakanyaga na kuyapunguza, kisha wanyama wadogo zaidi, nyamera na wenzao, hufuata na kula machipukizi. Maandishi hayo yalisomwa baadaye na watu wasiojali nzige hata kidogo, kwa sababu yalikuwa miongoni mwa maelezo ya kwanza ya jinsi wanyama wa mbuga za Afrika wanavyotayarishiana chakula. Ni jambo la kuangaliwa kwamba elimu hiyo ilitoka katika ofisi iliyoundwa ili kuua.

Vesey-FitzGerald alitaka kujua kwa nini nzige wapende bwawa. Jibu ni kwamba nzige mwekundu huhitaji vitu viwili vilivyo karibu: majani marefu ya kulala na kula, na udongo mtupu wenye unyevu wa kutagia. Moto wa kiangazi huunguza mbuga mabaka mabaka, ukaacha vyote viwili bega kwa bega. Mizizi haifi kwa moto. Akiba ya sukari iliyomo chini hupelekwa juu, na machipukizi hutokea hata kabla ya mvua. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, jike hutumbukiza mkia wake ardhini na kutaga mayai katika mfuko mmoja, akiufunika kwa povu linalokauka na kuwa kizibo chepesi chenye matundu. Yai nalo hupumua, na pia hunyonya maji kutoka udongoni hata likavimba. Udongo mkavu mno hulinyima maji, na mafuriko ya muda mrefu hulinyima hewa. Mazao ya mwaka mzima ya nzige hutegemea kipimo hicho chembamba baina ya kiu na kuzama. Mayai huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi, tunutu hukua kwa muda wa miezi miwili au zaidi, na kufika Machi au Aprili huota mabawa. Kisha, tofauti na nzige wa jangwani, wekundu hukaa kiangazi chote bila kuzaa, wakila na kujiwekea mafuta mwilini, hata mvua za pili. Kizazi ni kimoja tu kwa mwaka.

Sasa yafaa kumtazama mdudu mwenyewe. Aristotle alidhani kwamba wadudu hawapumui, ila hupozwa tu na hewa iliyo nje yao. Karne nyingi zilipita kabla Marcello Malpighi, tabibu wa Bologna, hajapasua kiwavi wa hariri na kuandika mwaka 1669 kwamba ubavuni mwake mna matundu, na kwamba kutoka kila tundu mirija huingia ndani na kugawanyika kama matawi ya mti. Alipoyaziba matundu hayo kwa mafuta, kiwavi alikufa. Nzige anayo matundu ya namna hiyo jozi kumi, mbili katika kidari na nane katika tumbo. Kila tundu lina mlango unaofungwa na kufunguliwa. Mlango ukifungwa, maji ya mwili hayapotei, na hilo ni jambo kubwa kwa mdudu akaaye kiangazi cha Rukwa. Mirija hugawanyika na kugawanyika hata ikawa myembamba kuliko unywele mara nyingi, na ncha zake huigusa misuli yenyewe. Hewa haichukuliwi na damu. Hufika kwa miguu yake, kama ingewezekana kusema hivyo.

August Krogh wa Copenhagen alionyesha mwaka 1920 kwa hesabu kwamba, katika mdudu mdogo aliyetulia, kutawanyika kwa hewa peke yake kwatosha kuifikisha oksijeni mwisho wa mrija. Lakini nzige arukaye si mdudu aliyetulia. Krogh huyo huyo, akiwa mzee, pamoja na kijana Torkel Weis-Fogh, waliwafunga nzige mbele ya upepo wa mashine na kupima pumzi zao. Matokeo yalitolewa mwaka 1951. Aliyetumiwa alikuwa nzige wa jangwani, wala si mwekundu wa Rukwa, ila mpango wa mirija ni mmoja. Ilionekana kwamba arukapo matumizi yake ya oksijeni hupanda mara nyingi sana kupita yale ya kutulia, na kwamba mapigo ya mabawa yenyewe hukibana na kukiachia kidari, yakisukuma hewa katika mifuko iliyo kando ya misuli. Hivyo kazi ya kuruka hujilipia pumzi yake yenyewe. Mwaka 1952 Weis-Fogh aliongeza kwamba katika safari ndefu kuni za nzige ni mafuta. Damu ya nzige, isiyo na wekundu hata kidogo, haina kazi ya kuchukua oksijeni, inachukua chakula. Moyo wake, mrija mrefu ulio mgongoni, huisukuma mbele, nayo hurudi ikiogelea katikati ya viungo pasipo mishipa, ikigawa sukari iitwayo trehalosi na mafuta kutoka katika akiba.

Elimu hiyo huyapa maana mambo ambayo watu wa uwanda wa juu waliyajua kwa macho. Kundi lililopanda Lyamba lya Mfipa na kulala katika nchi za Sumbawanga halikuweza kuondoka alfajiri ya Juni au Julai. Mwili wa nzige hauna moto wake akiwa ametulia, na msuli uliopoa hauwezi kuunguza kuni zake kwa kasi ya kutosha kuruka. Mpaka jua lipande, nzige ni mzigo juu ya majani. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki saa hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kuwaokota katika vikapu, maana nzige ni kitoweo, na yeye aliyekula shamba aliliwa naye.

Kitoweo hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuathiriwa na silaha mpya. Katika miaka ya 1930 silaha iliyotumiwa sana juu ya tunutu katika Afrika ya Mashariki ilikuwa chambo cha pumba kilichochanganywa na sumu ya aseniki. Mlango wake ni kinywa. Sumu hiyo ikifika ndani huzuia hatua moja ya kuunguza sukari katika chembe za mwili, na kila kiumbe kinachounguza sukari kwa njia hiyo hufa nayo, ng'ombe na kuku pamoja na tunutu. Mabwana shamba waliwaonya watu wasile nzige na wasiachie mifugo karibu na chambo. Kwa mwenye nyumba aliyepoteza mahindi, kuambiwa aache na nzige pia kulikuwa kunyang'anywa mara mbili.

Baada ya vita kuu ya pili, mlango wa ngozi ulifunguliwa. Ndege ziliruka juu ya Rukwa katika miaka ya 1950 zikinyunyiza dawa ya manjano iliyoyeyushwa katika mafuta, ambayo wataalamu waliiita kwa kifupi DNC. Mkuu wa shirika kwa miaka mingi ya wakati huo, Donald Gunn, alikuwa amekwisha kushughulika na majaribio ya kunyunyizia nzige kutoka hewani. Mafuta hushika juu ya ngozi ya nta ya mdudu, na dawa hupenya. Kazi yake ndani ni ya ajabu. Haizuii pumzi, huifanya iende mbio bure. Katika kila chembe mna vyumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambamo sukari na mafuta huunguzwa kwa oksijeni, na nguvu ipatikanayo huwekwa katika umbo ambalo msuli huweza kulitumia. Mwaka 1948 Loomis na Lipmann walionyesha kwamba dawa ya jamii hiyo hiyo, dinitrofenoli, hutenganisha kuunguza na kuweka akiba: moto huwaka, oksijeni huliwa kwa wingi, lakini hakuna nguvu ipatikanayo ila joto tu. Sababu yenyewe ilieleweka pale Peter Mitchell alipotoa nadharia yake mwaka 1961. Nzige aliyenyunyiziwa huhema kupita kiasi kwa matundu yake yote ishirini na kumaliza kuni zake papo hapo.

Mwanadamu ana mitokondria zile zile. Katika miaka ya 1930 madaktari wa Marekani na Ulaya walikuwa wamewapa watu dinitrofenoli wapungue unene. Walipungua kweli, na baadhi yao walikufa kwa joto la mwili lisiloshuka. Dawa ya Rukwa ilikuwa ndugu wa dawa hiyo. Mtu aliyeishughulikia pasipo kujikinga alibaki na manjano mikononi, na manjano hayo yalikuwa dalili kwamba ngozi yake nayo ni mlango. Hapana budi kusema kwamba historia za shirika, zilizojaa hesabu za ndege na saa za kuruka, zimewapa nafasi ndogo mno vibarua waliojaza matangi.

Dawa zilizofuata, kama vile BHC na dieldrini, na baadaye fenitrothioni iliyotumiwa sana Rukwa, zilihamia mahali pengine. Hizo hupiga mishipa ya fahamu, wala si ya damu, na pumzi hukoma kwa kuwa misuli haipati tena amri iliyo sawa. Dieldrini ilikaa katika majani na udongo kwa muda mrefu, jambo lililosifiwa kwanza na kulaumiwa baadaye, kwa maana kilichokaa majanini kiliingia pia katika ndege wa angani walao nzige na katika samaki. Rukwa ni ziwa lisilo na mto utokao, na kila kilichomwagwa bondeni hubaki bondeni.

Shirika la Abercorn liliishia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mahali pake likawekwa shirika la nchi huru za Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, lenye makao Ndola. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, makao yake yakiwa Sumbawanga; mwaka 2012 Katavi ikatengwa kuwa mkoa wa pili, na mazalio ya nzige yakawa katika mikoa miwili, na mengine yakawa katika mbuga za wanyama ambamo kunyunyiza sumu ya kawaida ni jambo zito.

Hali hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa tatu. Mwaka 1989 ulianzishwa mradi wa kimataifa wa kutafuta adui wa asili wa nzige, kazi zake nyingi zikifanywa Benin, na ukatoa dawa iitwayo Green Muscle. Ndani yake hamna kemikali ya kuua. Mna mbegu za kuvu aitwaye Metarhizium acridum, zilizochanganywa na mafuta. Mbegu ikianguka juu ya ngozi huchipua, hutoboa, na kuingia katika damu. Hapo ule uchukuzi unaomlisha nzige humgeukia: damu isiyo na mishipa, iogeleayo kila mahali, hulichukua kuvu toka kidarini hata miguuni, na sukari iliyokusudiwa kuwa kuni za mabawa huwa chakula cha mgeni. Mwaka 2009, wakati makundi ya nzige wekundu yalipojengeka tena katika Tanzania, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na shirika la Ndola waliitumia dawa hiyo kwa eneo kubwa katika Katavi, katika mbuga za Ziwa Rukwa na katika bonde la Malagarasi. Ndege wa angani waliokula nzige wagonjwa hawakuwa katika hatari ya sumu.

Lakini kuvu si mwepesi. Huua kwa muda wa juma moja hata matatu, na nzige ana hila yake: huota jua mpaka mwili wake upate joto ambalo kuvu hulipenda kidogo, na hivyo hununua siku chache. Dawa inayochukua majuma mawili haina kazi kwa kundi ambalo limekwisha kupanda Lyamba lya Mfipa. Hufaa kwa tunutu na kwa nzige wachanga waliomo bado katika majani ya bonde, wakati wa tope, kabla hawajaanza kujiwekea mafuta ya safari. Na hao hawaonekani kutoka Sumbawanga. Ni lazima mtu ashuke kwenda kuwatafuta.